Chemirocha na Wageni Wengine wa Muziki

Magari ya watalii yanayotoka Kericho kwenda Maasai Mara hukata mashamba ya chai, yakapita Litein, Kapkatet na Kaplong, yakafika Bomet, kisha yakateremka kuelekea Narok. Sigor hayafiki. Sigor iko pembeni, ndani ya Chepalungu, pale vilima vya chai vinapoanza kuishiwa nguvu na kuachia mahindi, ng'ombe wa maziwa na vichaka vinavyoelekea Mara. Hakuna simba wa kupigwa picha, na ufuo wa bahari uko mbali mno. Mgeni akishuka Sigor kutoka kwenye matatu, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama amepotea njia.

Hata hivyo mgeni wa namna fulani angefanya vizuri kushuka hapo. Huyu ni yule asiyetaka kurudi kwao na kusimulia kwamba alizungumza na dereva, mpishi na mlinzi wa hoteli tu. Anataka kukaa na watu. Tatizo lake ni kwamba watu wana kazi zao. Wanakamua, wanapalilia, wanakimbiza watoto shule. Hawakuamka asubuhi kumngoja mtu aje kukutana nao. Lazima awe na sababu ya kubisha hodi, na katika nchi nyingi za dunia, ikiwemo hii yetu, muziki umekuwa sababu nzuri kuliko nyingi.

Si muziki wowote. Wimbo unaopigwa uwanja wa ndege, kwenye lifti ya hoteli na kwenye simu ya kila kijana kuanzia Lagos hadi Manila haumkutanishi mtu na yeyote, kwa kuwa hauhitaji mtu ili usikike. Unaozungumziwa leo ni ule wa chini kwa chini. Pengine ni vijana wa Nairobi wanaopiga muziki wa metali kwa kelele za kupasua spika. Pengine ni mzee mwenye ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi. Pengine ni kijana wa kinanda cha umeme anayeimba kwa Kikalenjin kwenye sherehe ya posa, na nyimbo zake zinauzwa kwa kupakiwa kwenye flashi katika kibanda cha filamu sokoni. Hawa watatu hawafanani hata kidogo, ila mlango wao ni mmoja: huwapati mpaka umuulize mtu, na mtu huyo akupeleke kwa mwingine. Usumbufu huo ndio unaomjulisha mgeni kwa wenyeji.

Sasa, kabla hajatajwa mgeni yeyote aliyekuja kutoka nje, ni haki kuanza na Wakipsigis, wenyeji wenyewe wa vilima hivi, maana wao walimkaribisha mgeni wa muziki ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet. Tracey alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Devon mwaka 1903, akahamia Rhodesia ya Kusini angali kijana kwenda kulima tumbaku, akanogewa na nyimbo za wafanyakazi wenzake mashambani kuliko tumbaku yenyewe. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuzunguka nusu ya bara hili akiwa na gari la mitambo na jenereta, akirekodi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ile inayojulikana kwa kifupi ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mfululizo wake wa santuri ulipita santuri 200.

Pale Kapkatet aliimbiwa nyimbo kuhusu mtu anayeitwa Chemirocha. Alirekodi zaidi ya moja, na iliyopata umaarufu ni ile iliyoandikwa Chemirocha namba tatu, yenye sauti za wasichana wakiitikiana juu ya chepkong, ala ya nyuzi ambayo ni ndugu wa nyatiti ya Waluo, obokano ya Wakisii na litungu ya Wabukusu. Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Meridian, Mississippi. Gramafoni na santuri zake zilikuwa zimefika nchi ya Kipsigis, watu wakamsikiliza, jina likapita kwenye midomo ya Kikipsigis na kupata umbo lililokubalika huko.

Huyo Rodgers aliwahi kufanya kazi kwenye reli, kifua kikuu kikamtoa kazini, akageukia gitaa. Agosti 1927 alirekodi kwa mara ya kwanza katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Mtindo wake wa kupandisha sauti ghafla na kuikata kooni ukamfanya nyota. Alifariki New York Mei 1933 akiwa na miaka 35, akiwa amerekodi karibu hadi siku ya mwisho. Marekani humwita baba wa muziki wa kantri, na mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuingizwa katika jumba la heshima la muziki huo.

Kwa hiyo wasichana wale walikuwa wanamwimbia mtu aliyekufa miaka 17 kabla, nao hawakuwa na habari wala haja ya habari. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha wa Kapkatet alikuwa nusu mtu nusu swala. Wasichana walimbembeleza acheze ngoma ya kurukaruka, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimvuke. Mtu anaweza kuusikia wimbo huo akaucheka kama ushamba uliochanganyikiwa na gramafoni. Atakuwa amekosea shabaha. Sauti isiyo na mwili imetoka ndani ya sanduku, inaimba kwa lugha isiyojulikana, inapanda juu kama ya mnyama. Wenye akili timamu wafanye nini? Walimpa mwili, wakampa miguu ya mnyama anayejulikana kwa kuruka, wakamwalika kwenye ngoma. Mgeni alipewa kazi ya kufanya kwenye sherehe, na kwa desturi za nyumbani hiyo ni heshima.

Tracey naye, je, alikutana na wenyeji? Kwa kiasi. Alikuwa na masikio mazuri na alijali kuandika majina ya ala na mitindo, jambo ambalo wengi wa zama zake hawakulifanya. Lakini gari lake lilikuwa la kupita. Santuri ilimtaja Chemutoi Ketienya, waliobaki wakaandikwa kwa jumla kuwa wasichana wa Kipsigis. Wimbo ulizunguka dunia, ukapendwa na wakusanyaji wa muziki Ulaya na Marekani, na Kapkatet haikupata taarifa.

Taarifa ilikuja miaka zaidi ya 60 baadaye. Kuanzia mwaka 2014, ILAM chini ya Diane Thram ilishirikiana na mradi wa Singing Wells kurudisha rekodi za Tracey mahali zilipotoka. Singing Wells ni ushirika wa watu wa London na Ketebul Music ya Nairobi, studio ya Tabu Osusa ambayo ndiyo iliyotoa kazi muhimu ya historia ya benga, muziki wa gitaa wa Kenya, mwaka 2008. Walikuja Kapkatet na nakala, wakaulizauliza, wakamkuta hai mzee aliyekuwa kijana mbele ya maikrofoni ile ya mwaka 1950. Mzee akapewa sauti yake mwenyewe.

Tukio hilo lilitangazwa mpaka redio za Marekani, na kwa haki. Ila mtu makini atagundua jambo moja: kuulizauliza kulikofanywa na timu ya pili ndiko kulikowakutanisha na watu, kuliko kurekodi kwenyewe. Ili kumpata mwimbaji mmoja ilibidi wazungumze na watu wengine. Walipomaliza kumtafuta walikuwa wanakijua kijiji.

Mfano wa kukaa zaidi unapatikana kwa John Low, mpiga gitaa wa Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitoka Kenya akaingia Shaba, jina la Katanga kwa wakati huo, kuwatafuta wapiga gitaa la vidole waliokuwa wametikisa Afrika Mashariki miaka ya 1950: Mwenda Jean Bosco, Edouard Masengo, Losta Abelo. Hawa hawakuwa tena watu wa redio. Gitaa la umeme na rumba ya Kinshasa vilikuwa vimewafunika. Low alikwenda kama mwanafunzi, akakaa nao sebuleni, akatazama kidole gumba kinafanya nini na kidole cha shahada kinafanya nini, akakosea, akarudia. Alichokiona alikichapisha mwaka 1982 kwa jina la Shaba Diary. Mwenda naye alikuwa amerekodiwa na Tracey, mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, sasa Likasi. Mzungu mmoja alimrekodi, mwingine akaja miaka karibu 30 baadaye kumwomba amfundishe. Huyu wa pili, kwa vyovyote, alikula ugali mwingi zaidi mezani kwa wenyeji.

Tusogee karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kijana wa Kimarekani, Ian Eagleson, alikuja Nairobi kufanya utafiti wa benga kwa ajili ya masomo yake ya juu. Huko Washington alikuwa na bendi ya roki iitwayo Golden, bendi ya vilabu vidogo, ya watu wanaojuana. Nairobi alimpata Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa, naye akawa mwenyeji wake katika ulimwengu wa benga ya vilabu: ile inayoanza usiku mwenye duka akifunga, na kwisha mwenye maziwa akianza kuzunguka. Ni muziki wenye mamilioni ya wapenzi, lakini mgeni anaweza kukaa Westlands mwaka mzima asiusikie.

Mwaka 2004 rafiki na mpiga gitaa mwenzake wa Golden, Alex Minoff, alikuja kumtembelea. Badala ya kwenda kutazama tembo, wakakaa na Jagwasi na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari wakarekodi nyimbo, vifaa vyenyewe haba, jijini Nairobi. Wakaunganisha majina ya bendi mbili wakapata Extra Golden. Santuri ya kwanza, Ok-Oyot System, ilitoka mwaka 2006 kwa lebo ya Thrill Jockey ya Chicago. Jagwasi hakuiona. Alifariki mwaka 2005.

Wangeweza kuishia hapo, kama wengi wanavyoishia, na picha ya kumbukumbu. Badala yake mwanamuziki wa benga Opiyo Bilongo akaingia kundini, na mwaka 2006 wakaalikwa kwenye tamasha la muziki wa dunia mjini Chicago. Viza zikawa kizungumkuti, kama mjuavyo viza za Marekani. Ofisi ya seneta mmoja wa Illinois ikaingilia kati, na Wakenya wakasafiri. Seneta huyo alikuwa Barack Obama, miaka miwili kabla ya kuchaguliwa rais. Kwenye santuri yao ya 2007, Hera Ma Nono, kuna wimbo unaobeba jina lake, kwa mtindo wa benga wa kumshukuru mfadhili kwa kumtaja. Kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowakumba wanamuziki waliokuwa Kenya, wapenzi wa bendi ng'ambo walichanga pesa, na shukrani yao ikawa jina la santuri ya 2009: Thank You Very Quickly.

Hapo ndipo urafiki wa muziki hupimwa. Mgeni anapoondoka, je, simu yake bado inapatikana kukiharibika? Maelfu ya wasafiri wamecheza usiku kucha na wenyeji katika miji ya dunia, wakakumbatiana kulipokucha, na hawakusikilizana tena. Hakuna ubaya, starehe ni starehe. Lakini kuiita kukutana na watu ni kutia chumvi.

Wakati mwingine mgeni ni sisi. Mwaka 1986 Ayub Ogada, Mjaluo wa Kenya aliyewahi kuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, alikwenda Uingereza na nyatiti yake. Riziki ilikuwa ngumu. Akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi za London, kofia au mfuko umewekwa mbele, abiria wanapita mbio. Huo ni muziki wa chini kabisa, kwa maana zote mbili. Aliyesimama akasikiliza ndiye aliyemwezesha kuingia kwenye tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 lebo ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa En Mana Kuoyo. Wimbo wake Kothbiro ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Ogada alirudi nyumbani Nyanza, akafariki mwaka 2019.

Mwangalie pia Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la KMRU. Ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu alikwenda Berlin kusomea sanaa ya sauti. Muziki wake hauna ngoma wala maneno. Ni sauti za mitaa, mvua, mashine na upepo zilizocheleweshwa mwendo. Santuri yake Peel, ya 2020, ilitolewa na lebo ndogo ya Vienna yenye wafuasi wachache lakini waaminifu kuliko waumini wa makanisa mengi. Kupitia kikundi hicho kidogo alipata wenyeji Ulaya. Na yeye huyo huyo ndiye anayezitoa upya mtandaoni nyimbo za babu yake, kwa hiyo msikilizaji wa Berlin aliyeanza na upepo wa Nairobi hujikuta ameishia kwenye gitaa la Kikikuyu la miaka ya 1970.

Turudi Kericho, maana mji ule una sifa ambayo wenyeji wenyewe husahau kuidai. Kericho ilikuwa na duka la Chandarana, familia ya Kihindi iliyouza santuri kisha ikazitengeneza, ikarekodi bendi za Kikalenjin, za Kijaluo na za Kikisii. Mahali hapakuwa pa bahati nasibu. Mashamba ya chai, tangu kampuni kubwa zilipoanza kupanda miaka ya 1920, yaliwaleta wachumaji kutoka Nyanza, Kisii na Magharibi, na kila mtu alikuja na nyimbo za kwao na siku moja ya malipo kwa mwezi. Mwenye duka la santuri alihitaji nini zaidi? Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band, ambao wazee wa Bomet bado wanaweza kuwaimba wakiwa wamefumba macho, ni wa mkondo huo.

Leo santuri ndogo za Kericho, zile za mizunguko 45, zinawindwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani. Baadhi yao ni watu wa maana: wanatafuta wanamuziki, wanaandika mikataba, wanalipa. Doug Paterson, Mmarekani aliyeishi Kenya, alifanya kazi ya namna hiyo alipoandaa The Nairobi Beat mwaka 1989 kwa lebo ya Rounder. Wengine hununua boksi zima kwa mjane wa mwanamuziki kwa bei ya kuku wawili, wakatoweka. Wa namna hii naye amekutana na mwenyeji kupitia muziki. Sifa za kukutana zisimsahau.

Na kama Chemirocha alikuwa mgeni wa kwanza wa kantri katika vilima hivi, hakuwa wa mwisho. Wakenya wanaupenda muziki wa kantri kiasi cha kuwashangaza Wamarekani weusi na weupe. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton wamekaa kwenye redio zetu miaka mingi, kipindi cha Sundowner cha KBC kikiwa shahidi. Nairobi ina Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, mwenye kofia na gitaa, na nchi ina pia Esther Konkara. Mtu wa Tennessee akiingia baa ya Kericho jioni hana haja ya kujifunza salamu ndefu. Akiitikia kiitikio cha Kenny Rogers, meza tatu zitamgeukia. Hapo ajue kunyamaza, aulize meza hizo zinasikiliza nini redio ikizimwa, na jioni yake itaanza.

Kwa wanaopenda njia ya tamasha, Afrika Mashariki sasa ina Nyege Nyege. Lilianza mwaka 2015 karibu na Jinja, kwenye kingo za Nile, likiwa limezaliwa na sherehe ndogo za Kampala zilizoandaliwa na Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni wawili waliokuwa wakiishi huko. Lebo yao ilisambaza duniani sauti ambazo redio za nyumbani hazikuzitaka: nyimbo za harusi za Kiacholi zilizogeuzwa za umeme na Otim Alpha, kelele tukufu za Duma, wale vijana wawili wa Nairobi waliotoa santuri mwaka 2020, na singeli ya Dar es Salaam. Sounds of Sisso ya mwaka 2017 ilichukua sauti za studio moja ya mtaani Mburahati, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ikawafikishia watu ambao hawajawahi kuona kigodoro, ile sherehe ya mtaani. Serikali ya Uganda imejaribu zaidi ya mara moja kulizuia tamasha kwa hoja za maadili, mwaka 2018 kupitia waziri Simon Lokodo na mwaka 2022 kupitia Bunge. Mara zote mbili lilifanyika, kwa masharti.

Tamasha lina faida zake. Kasoro yake ni uzio. Mgeni hulipa langoni, hukuta wageni wenzake kutoka Brussels na Nairobi ya wenye nacho, hucheza nao siku nne, na mwenyeji wa karibu anaweza kuwa ni mwenye boda boda anayengoja nje. Kigodoro chenyewe, kule Manzese au Mburahati, hakina lango. Kinafunga mtaa. Kina mama wa shughuli, majirani waliochangishwa, na DJ anayejulikana mama yake ni nani. Mgeni akifika pale amefika kwa mtu, na asipokuwa na mtu ataonekana mara moja.

Sasa mlete mgeni huyo Sigor. Atakuta nini? Chepkong asitarajie kuiona ikining'inia ukutani. Kanisa lilizitazama ngoma za jadi kwa jicho kali kwa vizazi viwili, na wajuzi wa ala hiyo wamebaki wachache. Atakuta Kass FM na Chamgei FM kwenye redio za maduka, kwaya zenye nidhamu ya jeshi, na waimbaji wa kinanda wanaokwenda na jenereta na spika zao nyuma ya pikapu. Waimbaji hawa ndio muziki wa chini kwa chini wa Bomet ya leo. Jina la mwimbaji linaweza kujulikana kutoka Chebunyo hadi Litein na lisijulikane Nakuru.

Njia ya kuwafikia ni fupi. Aulize kijana wa kibanda cha filamu, yule anayepakia nyimbo kwenye flashi kwa malipo kidogo. Huyo ana orodha nzima kichwani na namba za simu mfukoni. Kisha angoje mwaliko wa koito. Koito ni siku ya kukubaliana posa, koo mbili zimekaa, maziwa ya mursik yanapitishwa, na wakishaelewana muziki unaanza. Hakuna mgeni anayejialika kwenye koito, lakini aliyeletwa na mtu wa ukoo hupewa kiti, na akipewa kiti atapewa pia kazi: kubeba spika, kumimina maziwa, kucheza vibaya ili watoto wacheke. Asitoe simu na kurekodi kabla ya kuuliza. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, na hata bila sheria, mwimbaji wa kinanda anaishi kwa sherehe hizo. Anayetunzwa kwa noti wakati akiimba hutaja jina la mtunzaji papo hapo ndani ya wimbo. Mgeni atasikia jina lake likibadilika umbo mdomoni mwa mwimbaji.

Msimu mzuri ni Desemba, shule zimefungwa na walioajiriwa mbali wamerudi. Ndio msimu pia wa tumdo, jando la Wakipsigis, na wavulana wanapokuwa katika menjo, makao yao ya kutengwa, kuna nyimbo ambazo si za mgeni, si za mwanamke, wala si za mwanaume ambaye hajapitia. Mwenyeji mwema atambadilishia njia bila maelezo marefu, naye asing'ang'anie. Arudi sokoni na kijana wa kibanda, wasubiri pikapu ya mwimbaji. Ikifika itahitaji watu wawili wa kuishusha jenereta.